Behewa la Ghorofa la Nzomo

Nzomo alikuwa na neno lake moja alilolirudia mpaka tukamchoka: kwamba Nairobi ilikuwa na treni ya ghorofa tayari, kilichokosekana ni ghorofa yenyewe. Ili umwelewe, ilibidi usimame kando ya reli pale Kibera saa moja asubuhi, treni ya abiria ikipita. Ndani watu wamebanana mpaka mlangoni, na juu ya paa wamekaa wengine, wamekunja miguu, mmoja anasoma gazeti kama yuko sebuleni kwake. "Wale si ndio wa ghorofa ya juu?" Nzomo angesema. "Wamepanda, wanafika, ni viti tu hawana."

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka kwa miezi kadhaa, mpaka siku mkewe Mutheu aliponivuta kando akaniambia kwamba kifungua mimba wao, Timothy, alianguka kutoka kwenye paa lile mwaka wa elfu mbili na tatu, akienda kutafuta kibarua Industrial Area. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Tangu siku hiyo mimi sikucheka tena, ila Nzomo mwenyewe aliendelea, na jambo hilo lilinikera. Mimi naona mtu akifiwa namna ile alie, au anyamaze. Yeye alichukua msumeno.

Niseme mimi ni nani. Naitwa Phanuel, Mmaragoli wa magharibi mwa Kenya, kazi yangu kuchora mabango. Ukipita Lindi, mtaa wetu wa Kibera, ukaona kinyozi aliyechorewa kichwa chenye nywele za mistari, au bucha yenye ng'ombe anayetabasamu kana kwamba hajui anakoenda, ujue huo ni mkono wangu. Nzomo alikuwa jirani yangu wa ploti moja, mlango wake ukitazamana na wangu, katikati pakipita mtaro wa maji machafu ambao tulikuwa tukiuruka mara ishirini kwa siku. Alinizidi umri kwa miaka kama ishirini, kwa hiyo nilimwita mzee, naye aliniita Fano.

Babake alikuwa mchongaji wa Wamunyu kule Ukambani, wale wa kuchonga twiga na vifaru vya kuuzia watalii. Nzomo alifundishwa kazi hiyo akaikataa. "Twiga hajawahi kunipeleka kazini," alisema. Akaja Nairobi, akaandikwa useremala kwenye kiwanda cha kukarabati mabehewa, na huko akakaa miaka ishirini na miwili akitengeneza viti, sakafu na fremu za madirisha. Walipopunguza wafanyakazi, yeye alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Alitoka na sanduku la vifaa vyake na karatasi moja iliyochanwa kwenye gazeti la mafundi wa reli.

Karatasi hiyo ilikuwa na picha ya behewa la ghorofa la Kijapani. Nzomo alinieleza kwa nini alichagua la Japani na si la Ulaya. Reli za Ulaya ni pana, alisema, na behewa lao ukilileta huku litakaa kwenye reli yetu kama mtu mnene aliyekalia stuli ya mtoto. Lakini reli ya Mjapani inaizidi yetu kwa upana wa vidole vinne tu. Ikiwa yeye ameweza kujenga ghorofa juu ya reli nyembamba, sisi tunashindwa nini? Ndipo akaanza kutengeneza mfano wake kwa mbao za mjakaranda: kila mita ya behewa la kweli ilikuwa sentimita tano kwenye mbao, kwa hiyo behewa zima lilikuwa na urefu wa mita moja, na liliposimama juu ya meza yake hapakubaki nafasi ya kuweka kikombe.

Kazi hiyo ilimchukua miaka minne, kwa sababu aliifanya baada ya kutengeneza vitanda na milango ya watu. Mwaka wa pili aliniomba nimsaidie rangi. Jumapili moja baada ya kanisa alinipeleka kwenye daraja linalopita juu ya reli. Alitoa uzi aliofunga nati nzito, akauteremsha mpaka ukagusa reli, akatia fundo. Askari mmoja akaja akatuuliza tunafanya nini.

"Tunapima treni," Nzomo akajibu.

"Treni iko wapi?"

"Bado haijatengenezwa."

Yule askari alitunusa midomo, akakosa harufu ya pombe, akaenda zake akiwa amechanganyikiwa zaidi. Ila fundo lile lilimnyima Nzomo usingizi kwa mwezi mzima. Behewa lake lilikuwa refu kwenda juu kuliko nafasi iliyo chini ya daraja. Alilivunja, akaanza upya. Safari hii alishusha sakafu ya chini katikati ya magurudumu, ikawa karibu iguse reli, hivi kwamba abiria wa chini akichungulia dirishani angeona viatu vya watu waliosimama stesheni. Wa juu nao wakapata nafasi ya kukaa bila kugonga kichwa. Ngazi mbili, moja kila upande. Viti vyote alivichonga kimoja kimoja, na madirisha akayakata kwenye chupa za maji. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile kikitoka kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi.

Mabango yangu yalisifiwa kote Kibera, lakini mbele ya behewa lile nilijiona mtu wa kupaka chokaa tu.

Kwa miaka miwili ya mwisho, akiwa bado anachonga, Nzomo alipeleka barua kwenye ofisi hii na ile. Mwishowe, Novemba ya elfu mbili na saba, akajibiwa. Afisa mmoja wa mipango ya usafiri mjini alimwandikia kwamba yuko tayari kuuona mfano huo, Jumanne tarehe ishirini na mbili Januari, saa nne asubuhi. Nzomo alinisomea barua hiyo mara tatu. "Sitaki kazi, Fano," aliniambia, "hata wasinilipe. Nataka mtu mmoja mwenye nguvu alione aseme inawezekana. Wakijenga hata moja, kuna mzazi ambaye hataitwa mochari." Hiyo ndiyo ilikuwa haja yake yote duniani. Mimi nilikuwa shahidi.

Tulipiga kura Disemba, na matokeo yalipotangazwa Kibera ikawaka moto. Sitasimulia mambo ambayo kila mtu anayajua. Nitasema tu yaliyoupata mlango wa Nzomo.

Vijana walikuwa wanapita wakitafuta nyumba za Wakikuyu, kabila la rais aliyetangazwa mshindi, na usiku ama mchana hawakuwa na subira ya kuuliza maswali. Watu wakaanza kuandika kabila zao milangoni ili wapitwe. Mkamba wakati huo hakuwa na shida na mtu. Mgombea wa kwao alikuwa ameshika njia yake ya tatu, na vijana walisema Wakamba ni watu wa kuachwa. Kwa hiyo majirani wakachukua makaa wakaandika. Mimi nikaona aibu. Mchoraji mzima, rafiki yangu aandikiwe na makaa? Nikatoa rangi yangu ya mafuta, nyekundu, nikamwandikia MKAMBA mlango mzima, herufi za futi moja, nikazitia kivuli cheusi upande wa kulia. Mutheu alisema ni kubwa mno. Nzomo akasema mwache Fano afanye kazi yake. Watu waliopita walinisifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nilirudi nikaongeza mstari mweupe pembeni.

Mlango ule ulipitwa wiki nzima. Behewa likawa salama juu ya meza, na Nzomo akaniletea magurudumu na kipande cha reli cha kulisimamishia, nivimalizie rangi chumbani kwangu.

Halafu, tarehe nane Januari, redio ikatangaza kwamba yule mgombea wa Wakamba amekubali cheo kikubwa kwenye serikali ileile iliyokuwa ikikataliwa. Sikumbuki tangazo hilo lilikuwa la urefu gani, lakini kabla halijaisha nilisikia mtu nje akisema, "Kumbe hawa pia." Kote ploti za jirani Wakamba walitoka na vitambaa vya maji, wakafuta makaa milangoni. Dakika mbili, milango ikawa safi.

Rangi yangu haikutoka. Nilimwaga mafuta ya taa, nikasugua na brashi ya waya, nikasugua na mchanga. Ile nyeupe ilitoka kidogo. Ile nyekundu ilikolea kana kwamba nimeipaka tena. Nilitaka kupaka rangi nyingine juu yake, Nzomo akanizuia. "Rangi mbichi leo ni sawa na kuandika tena," alisema, na ilikuwa kweli. Nilitamani kuung'oa mlango wenyewe, ila nyumba isiyo na mlango nayo ingekuwa nyumba ya nani?

Walikuja alfajiri ya siku iliyofuata. Walikuwa kama thelathini, wengine nawajua, mmoja nilimchorea kibanda cha kuchaji simu. Walimwambia Nzomo ana dakika tano. Nilisimama mlangoni pangu nikasema huyu ni mtu wetu, jamani, ameishi hapa tangu zamani. Kiongozi wao akanitazama. "Buda, tulia. Si ni wewe ulimwandika? Tungejuaje?"

Nzomo hakuchukua godoro wala jiko. Alifunga behewa kwenye blanketi, akalibeba mikononi kama mgonjwa, Mutheu akifuata na mfuko wa nguo, wakashika njia ya Kawangware. Huko kulikuwa na mwenye ploti mmoja aliyeitwa Ephantus, Mkikuyu mzaliwa wa hapo, ambaye Nzomo alikuwa amemtengenezea milango. Ephantus akawapa stoo ya nyuma, kati ya magunia ya mahindi. Magurudumu na kile kipande cha reli vilibaki kwangu. Kwenda kumpelekea sikuweza. Kawangware nako vijana wa upande ule mwingine walikuwa barabarani wakiuliza watu vitambulisho, na jina langu ni la watu wa magharibi, upande wa wapinzani. Nzomo alinipigia kwa simu ya Ephantus akasema nisijaribu. Tukakubaliana tukutane mjini, mlangoni pa ile ofisi, siku ya miadi. Mjini palikuwa pa kila mtu, au si pa yeyote.

Sasa nafika mahali ninapopachukia.

Dada yangu Filister alikuwa anauza makaa Silanga, hapo hapo Kibera. Siku ya Alhamisi ya wiki iliyofuata, polisi walipokuwa wanafukuza waandamanaji, risasi ilipita kwenye mabati ikamwingia pajani. Alikuwa amekaa anapima makaa kwenye debe. Nilimkuta kliniki amelazwa sakafuni kwa kuwa vitanda vilikuwa vimejaa, na hakuwa analia, alikuwa ananiuliza ni nani amebaki na makaa yake. Kesho yake, Ijumaa, nilitoka kumwona nikiwa sioni mbele wala nyuma. Njiani nikakuta umati kwenye reli.

Walikuwa wanataka kuing'oa. Walisema treni za mizigo za kwenda Uganda zikikwama, serikali itasikia, kwa kuwa vifo vyetu haivisikii. Siku hiyo niliona maneno hayo yana akili. Lakini walikuwa wanahangaika bure. Walipiga reli kwa mawe na nondo, wakaivuta, wakaimba, na reli ikakaa vilevile ilivyokaa tangu enzi za wakoloni.

Mimi nilijua sababu. Nzomo alipotengeneza kile kipande cha reli cha behewa lake, hakukubali kukitengeneza ovyo. Alichonga mataruma, vile vipande vinavyolala chini na kubeba reli, na juu ya kila taruma akatia kabari ndogo kama punje za mchele. Alinionyesha kwamba kwenye reli ya kweli nguvu zote ziko kwenye kabari hizo. Usipozigusa, hata uvute na tingatinga, reli haiinuki. Zipige kutoka upande wake mwembamba, zinateleza zenyewe. Alinieleza hayo jioni moja tukinywa chai, kwa furaha ya mtu anayependa kazi yake.

"Wacheni kupiga reli," niliwaambia. "Toeni kabari kwanza."

Hawakunielewa, kwa hiyo nikachukua nyundo nikawaonyesha. Ya kwanza ilitoka kwa mapigo matatu. Ya pili kwa mawili. Wengine wakaiga, na kwa muda wa kupika ugali tulikuwa tumefungua kipande kirefu. Kisha wanaume kama mia wakainama pamoja, wakaiinua reli na kuitupa bondeni. Nilikuwa mmoja wao. Nasema ukweli, nilisikia raha. Tangu mwaka uanze hicho kilikuwa kitu cha kwanza nilichokishika kikatii. Watu walinipigapiga mgongoni wakaniita fundi.

Nilifika nyumbani, nikakuta magurudumu ya behewa juu ya kitanda changu, rangi imekauka. Hapo ndipo nilipokumbuka siku ya miadi.

Jumanne nilitembea mpaka mjini, magurudumu na reli vikiwa kwenye mfuko wa unga. Nzomo alikuwa amefika mapema, amekaa kwenye ngazi na blanketi lake magotini. Alikuwa amekonda. Hatukusalimiana sana. Aliuliza Filister, ambaye nilimweleza habari zake kwa simu, anaendeleaje, nikasema anaendelea vizuri, uongo, maana mguu ulikuwa umeanza kunuka. Tukaliunganisha behewa pale pale kwenye ngazi, skrubu nne, likasimama juu ya reli yake kwa mara ya kwanza likiwa kamili. Watu waliopita walisimama wakatazama. Mama mmoja alimwinua mtoto wake aone madirisha ya juu. Nzomo akafuta vumbi kwa kiganja chake, na kwa dakika hiyo moja alikuwa na uso wa zamani.

Afisa hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingenisaidia. Alituketisha, akalizunguka behewa mara mbili, akapiga magoti kutazama ngazi za ndani. Aliuliza kuhusu daraja. Nzomo akamweleza ile sakafu iliyoshushwa, na yule afisa akatikisa kichwa kwa kustaajabu. "Hii ni kazi ya miaka mingi," alisema. Nzomo akasema minne. Kisha afisa akarudi kwenye kiti chake.

"Mzee, unatoka wapi?"

"Kibera. Lindi."

"Unajua kilichotokea huko Ijumaa?"

Nzomo alisema amesikia redioni, lakini hakuona, alikuwa Kawangware, alifukuzwa kwake wiki mbili zilizopita.

"Pole," yule afisa akasema. "Mimi sikulaumu. Lakini naambiwa kila siku nitafute vyuma vya kurudisha reli, na hata hatujui kama itadumu. Nikienda kwa wakubwa niwaambie watu wa Kibera wanaomba treni ya ghorofa, watanitoa nje. Watasema hao ndio waliong'oa." Akasogeza faili kando. "Hata mimi ningesema hivyo."

"Wengine hawakung'oa," Nzomo akasema.

"Najua."

"Kijana wangu alianguka kwenye paa."

Afisa alivuta kalamu. Aliandika jina la Nzomo kwenye karatasi, akasema mambo yakitulia labda, akatushukuru. Mimi muda wote huo nilikuwa nimekaa pembeni na mfuko mtupu wa unga mapajani, nikitazama kucha zangu. Ningeweza kusema jambo. Ningeweza kusema ni mimi, huyu mzee hana hatia, mwandike kando. Sikufungua mdomo. Majuto ni mjukuu, lakini wangu alizaliwa siku hiyohiyo.

Tulitoka tukakaa tena kwenye ngazi. Nilidhani Nzomo atalia, kumbe alikuwa anafikiri. Fundi hata akivunjwa moyo anapiga hesabu za mbao.

"Fano, wewe ulipita pale. Hiyo reli imekatwakatwa, ama imefunguliwa?"

"Kwa nini?"

"Ikiwa wameipiga ikapinda na mataruma yakavunjika, basi, hiyo ni mwaka. Lakini kama kabari zilitolewa vizuri, reli yenyewe haijaumia. Wanaiokota tu bondeni, wanairudisha, wiki moja. Halafu huyu mtu naweza kumrudia mwezi wa tatu." Alinigeukia, na macho yake yalikuwa na matumaini, na matumaini hayo ndiyo yaliyonimaliza. "Uliona?"

Ningesema sikuona, angerudi Kawangware akiamini yote yameharibika. Nikisema niliona, nilijua swali litakalofuata. Mimi nilitaka apate angalau hiyo wiki moja.

"Zilitolewa vizuri," nikasema. "Zote. Reli haijapinda."

Alitabasamu. Kisha tabasamu likaanza kupotea polepole, na nikaona anaelewa hatua kwa hatua, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

"Wale vijana walijuaje kabari?"

Nilianza kukunja mfuko wa unga. Hakuuliza mara ya pili. Alitoa bisibisi mfukoni, akafungua zile skrubu nne, akanirudishia magurudumu na reli, akalifunga behewa kwenye blanketi lake. Nikanyoosha mkono kumsaidia kufunga fundo, akausukuma taratibu. Hakunitukana. Ningeshukuru kama angenitukana.

"Usije Kawangware, Fano," alisema akiwa amesimama. "Hata vita vikiisha, usije."

Vita viliisha mwisho wa Februari, na mimi sijaenda.